Jamvi la Matanga la Bi Mize

Paukwa!

— Pakawa.

Sauti gani hiyo, ya watu walioshiba? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Nyie wa nyuma acheni kunong'ona, nami nitoe yangu.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja, Bi Mize. Mwanawe wa pekee, Kombo, alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Likatandikwa jamvi la matanga, watu wakakaa, wakalia. Siku ya kuanua matanga ilipofika, Bi Mize akakataa. Alisema jamvi likikunjwa, mwanawe atakuwa amekwenda kweli.

Akaachiwa. Mwaka, miaka kumi, miaka thelathini, jamvi liko chini. Na mila ya pale ni hii: jamvi likiwa chini, jirani hapiti mlangoni bila kuingia kulia. Basi majirani wakawa wanazungukia nyuma, kwenye miba. Watu wazima na akili zao! Lakini ndivyo tulivyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndipo akahamia Bi Kazija, mjane, mvi kichwa kizima, mdomo haupumziki. Akaona jamvi, akavua viatu, akaingia, akalia kumshinda mwenye msiba. Bi Mize akamwambia msiba huu ni wa miaka thelathini, aende zake.

"Jamvi liko chini," akasema Bi Kazija. "Nitapitaje?"

Siku ya pili huyo, na mhogo wa nazi. Akaula karibu wote mwenyewe. Akauliza marehemu alipenda chakula gani. Bi Mize, ili tu anyamaze, akajibu ukoko. Kisha akamfukuza. Jibu lile lile: jamvi liko chini, atapitaje?

Siku ya tatu, jamani, Bi Mize alishachoka, kichwa kinamgonga. Na yule kakaa katikati ya jamvi anaomboleza kwamba Kombo alikuwa mtoto mtulivu, hajapata kumuudhi mtu.

"Mtulivu nani?" Bi Mize akamkatiza. "Kombo alimtia mwalimu wake chura ndani ya kofia. Mwalimu akaivaa, akakimbia hadi sokoni."

Bi Kazija akacheka. Bi Mize naye akacheka, kisha akashtuka, akajiziba mdomo. Akalia upya. Akasema miaka yote hiyo alikuwa akikumbuka homa tu, yule chura alishamsahau.

Mlidhani Bi Kazija mjinga? Alijua hakuna mama anayevumilia mwanawe asingiziwe, hata akisingiziwa wema.

"Mwenzangu," akasema, "nishike upande huu?"

Bi Mize akajifuta machozi. Akashika upande wa pili. Wakalikunja, na Kombo hakwenda popote.

Kesho yake Bi Kazija hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tatu hakuja. Bi Mize akapika, akaonja, akasusa. Akajitanda kanga, akaenda kumgongea mlango, amefura.

"Mbona huji?"

"Matanga yameanuliwa. Nitakuja kwa lipi?"

"Miaka thelathini nimekaa na msiba, haunijibu neno. Wewe umenizoesha kugombana siku tatu, kisha unaniacha? Toka huko ndani, twende kwangu."

Basi, ngano imefika ukingoni, na mate yamenikauka. Tamu yake gawaneni; chungu yake nirudishieni mwenyewe.