Kindi, Fisi na Chungu cha Makande

Hapo zamani za kale, na wewe unayesinzia hapo nyuma amka, wanyama walikuwa na shule yao. Mwalimu wao alikuwa Kindi, kadogo, kepesi, kamejaa akili hadi mkiani.

Wazazi walipokezana zamu ya kuwapikia wanafunzi. Siku hiyo Mama Nyati alileta chungu cha makande, akakiacha jikoni, nyuma ya darasa. Saa ya kula ilipofika, lo! Chungu kitupu, kimelambwa hadi kinang'aa!

"Mwizi ni Mwalimu!" akapayuka Fisi, mlinzi wa shule. "Nimemwona kwa macho yangu mawili!"

Mama Nyati, aliyekuja kupakua, akapiga kwato chini, puu! "Mwalimu mzima, unakula chakula cha watoto? Fungasha virago, uondoke leo leo!"

Watoto wakaangua kilio. Kindi aliipenda shule ile kuliko karanga. Hata hivyo akasema kwa upole, "Sawa, mama. Niache tu nimalize somo. Watoto, andikeni habari za mwizi wa makande. Atakayeshinda atapata mfupa wa supu."

Fisi akasikia "mfupa". Masikio yakasimama, wima!

Watoto wakaandika mchangani kwa vijiti. Mtoto wa Ngiri akasoma: "Yeye alinyata jikoni, akala."

"Vizuri! Wewe umemtazama kwa mbali."

Mtoto wa Kanga akasoma: "Wewe mwizi, umekula chakula chetu, huoni haya?"

"Hewaa! Wewe umemsemesha uso kwa uso. Sasa nani atajitia kuwa mwizi mwenyewe, aseme 'mimi'?"

Watoto wakainamia vijiti vyao.

"Ni kazi ngumu," Kindi akashusha pumzi. "Hata wakubwa hawaiwezi."

"Nani haiwezi?" Fisi akaruka katikati. "Sikilizeni! Mimi nilinyata, nya, nya, nya! Nikafunua chungu, mvuke fuuu! Nikala, nikala. Mara, he! Boga! Jamani, nani hutia boga kwenye makande? Lakini tamu, wee! Nikalamba hadi chini. Haya, mfupa wangu uko wapi?"

Watoto wakacheka. Mama Nyati hakucheka.

"Boga?" akauliza polepole. "Maharage yalinipungukia, nikaongezea boga. Kwa aibu sikumwambia hata mume wangu. Wewe Fisi, boga umelijulia wapi?"

"Mimi... yaani... yeye..."

Hakumaliza. Pembe zilimfikia makalioni, pwaa! Fisi huyoo, vumbi nyuma yake.

Mama Nyati akamwomba Mwalimu radhi, akabandika chungu kingine, safari hii boga likiwa juu kabisa, bila aibu. Wakala wote wakashiba, na Kindi akapewa ukoko, sehemu anayoipenda.

Ukimsingizia mwenzako, mdomo wako mwenyewe ndio utakaokuumbua.