Makoti ya Ushirika wa Viazi

"Makoti yakijaa vitini, mwenye kazi husimama." Mmemsikia baba yenu akiisema sasa hivi, mkacheka, halafu mnaniuliza mimi imetoka wapi. Haya, sogeeni, nyumba yangu haijai watu. Methali hii hatukurithi kwa mababu. Ilizaliwa mimi nikiwepo, kwenye ushirika wa wakulima wa viazi, huku huku kwetu kwenye baridi, nilipokuwa napika chai ya ofisi.

Ushirika ulikuwa na kompyuta kubwa moja, wenyewe wakiiita seva, iliyotunza majina ya wakulima wote na mizigo yao. Makarani waliingia humo kwa pamoja, kila mtu kutoka mezani kwake. Aliyeiangalia alikuwa kijana mmoja, Obadia Msigwa, na seva ile ilimzeesha. Kila siku, jua likianza kupasha, inaandika kwamba kumbukumbu imejaa, inagoma. Nje malori yanasimama, viazi vinapigwa jua mpaka vinageuka kijani. Obadia anaizima, anaiwasha, inakwenda. Kesho yake yale yale. Wakalaumu umeme. Wakalaumu virusi. Wakaiongezea kumbukumbu; ikawa inagoma baada ya chakula cha mchana badala ya kabla. Mwisho meneja, Bwana Kilasi, akamwambia mbele ya watu, "Ikianguka tena, Msigwa, na wewe uifuate."

Alikuja jikoni kwangu, chai ikapoa mkononi. "Mama Edina," akasema, "nimechoka hata kuogopa."

Siku iliyofuata seva ikaanza kujikokota, dalili anayoijua. Akaenda ukumbini kuwaomba makarani wapunguze kazi. Akamkuta mkulima mmoja, Bibi Tulinagwe, amesimama na goti lake bovu.

"Kaa hapo, bibi."

"Pana mtu," alisema Sekela, karani pekee aliyekuwepo.

"Yuko wapi?"

"Si koti lake hilo?"

"Na pale?"

"Pana mtu pia. Huoni koti?"

Meneja, mnajua, akipita alihesabu makoti kujua nani yuko kazini. Wenye makoti walikuwa kwangu jikoni, wamezunguka jiko, wanapiga umbea huku meno yanagongana. Wao baridini, makoti kazini!

Bibi akasonya. "Mjukuu wangu, makoti yamekaa, mimi niliyeleta viazi nimesimama. Ofisi gani hii?"

Obadia akayatazama makoti yale moja moja. Kisha akarudi mbio kwenye seva. Kumbe humo nako ni hivyo hivyo! Makarani waliingia asubuhi ili majina yao yaonekane kwa meneja, wakaenda zao bila kutoka. Na kila jina lilishika sehemu ya kumbukumbu, kama koti linavyoshika kiti. Wengine walikuwamo toka jana alipoiwasha. Akawatoa wote waliokaa kimya, akaiagiza seva imtoe yeyote atakayepitisha robo saa bila kugusa kitu.

Bwana Kilasi akaja ukumbini anafoka. "Msigwa! Umewafukuza watu wangu?"

"Nimetoa makoti, mzee. Watu sijawakuta."

"Hata jina langu silioni!"

"La kwako lilikuwa humo tangu jana ulipokwenda Mbeya."

Bibi Tulinagwe, ambaye sasa alishajikalia juu ya koti la mtu, ndiye aliyesema maneno yale mliyoyasikia leo. Mimi niliyapeleka sokoni kabla ya jioni, msiniulize kwa nini.

Seva haikuanguka siku ile, wala wiki ile. Obadia alibaki na kazi yake; asante hakupewa. Na wavivu wawili watatu wakajifunza kukimbia kila robo saa kugusa kitufe kimoja, kisha wanarudi kwangu kumalizia chai. Binadamu anachosha, wanangu.

Haya, ondoeni mabegi yenu kwenye makochi. Shangazi yenu amesimama hapo na sinia la chakula tangu nimeanza kusema, na baba yenu alishawaambia: makoti yakijaa vitini, mwenye kazi husimama.