Zimwi na Saba Mara Nane

Hadithi inabisha hodi. Ikaribisheni, na anayetafuna muhogo afunge mdomo kwanza.

Walikuwepo mabinti wawili wa tumbo moja, Sikudhani na mdogo wake Zuhura. Kila wakitwanga mahindi, mchi huu ukipanda ule ukishuka, walikariri hesabu za shule. Sikudhani aliuliza, Zuhura akajibu. Siku zote hivyo hivyo, maana mkubwa alipenda kuamrisha.

Siku moja zimwi likamtia Zuhura guniani. Sikudhani akalikimbilia, akalishika mkia.

"Nirudishie mdogo wangu."

"Nitauliza mara tatu," likasema zimwi. "Nikijibiwa zote, namwachia. Nikikosa jibu moja, namla."

Mbili mara mbili? Nne. Tano mara tano? Ishirini na tano. Saba mara nane?

Sikudhani akatazama vidole vyake. Vidole kumi vitamfaa nini? Alikuwa bingwa wa kuuliza, kujibu hakuzoea. Zimwi likaanza kufungua kamba ya gunia, udenda unalitoka. Basi akafanya alilolizoea. Akapiga mguu chini, ti, kama mchi, akauliza kwa nguvu, "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," likajibu gunia.

"Hujajibu wewe," zimwi likanuna.

"Ulisema ukijibiwa. Hukusema na nani."

Zimwi ni zimwi, lakini ahadi halivunji. Zuhura akatoka, akajipangusa vumbi.

"Kesho, dada, mimi ndiye nitakayeuliza."

Hadithi yangu imeshiba, imekwenda zake. Na wewe unayejifanya umesinzia: sita mara tisa?