Kuku Aliyebadilishiwa Oili

Hapo zamani, magari yalipokuwa bado mageni katika mji wa Kirindo, mwanamke mmoja fukara alisimama mbele ya tajiri aliyeyauza, akauliza: "Na ile oili chafu iliyotoka, iko wapi?"

Tajiri alijikuna sikio. Karani aliitazama dari kana kwamba swali limeshuka kutoka huko juu. Fundi mkuu akahisi kiu ya ghafla, akaenda kunywa maji, asirudi. Basi sikilizeni niwaeleze kwa nini swali jepesi namna ile, ambalo mtoto angelijibu kwa kuonyesha kidole tu, liliwafunga midomo wanaume wazima.

Katika mji ule magari yote yaliuzwa na mtu mmoja, Tajiri Hamduni, mwenye Nyumba ya Magari. Ilikuwa nyumba ya fahari, sakafu marumaru, hewa ubani mtupu, na katikati yake limetundikwa pazia zito la bahameli nyekundu, kutoka ukuta hadi ukuta. Mtu akinunua gari, boneti yake ilipigwa lakiri yenye mhuri wa Sultani, na sharti likasomwa mbele ya mashahidi, kwamba mkono wowote usio wa Nyumba ya Magari usiifungue. Lakiri ikivunjika, dhamana imekufa, na gari ni mali ya Nyumba. Tena kila mwezi ukiandama gari liletwe kufanyiwa sevisi, na lisipoletwa dhamana imekufa vilevile. Hata kama limekaa uani mwezi mzima limefunikwa turubai, liletwe tu, kwa maana, alisema Hamduni, oili huchoka kwa kungoja.

Alilisema hilo kwa sauti nzito, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nami mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza, oili iliyokaa kitako ndani ya chuma huchoshwa na kazi gani.

Ikawa kila mwezi ukiandama, magari yanapanga foleni. Gari likifika, mafundi hulisukuma nyuma ya pazia, na mwenyewe huketishwa juu ya mito, akaletewa kahawa na halua bila malipo. Kahawa ile ilikuwa tamu ajabu, nayo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko kahawa zote za dunia, kwa kuwa kikombe kikiisha karani hutokea, akaimba gharama kwa sauti ya mnadi: kubadilisha oili, kubadilisha chujio, kuosha plagi, kukaza mikanda, kuangalia, kuangalia tena, kufungua boneti, kufunga boneti. Naam, kufungua kulikuwa na ujira wake na kufunga ujira wake, kana kwamba yuko mtu aliyewahi kuomba gari lake arudishiwe limeachama. Jumla ikafika bei ya ng'ombe, na miezi mingine ng'ombe na ndama wake.

Watu waliguna, wakalipa. Lakini jambo moja walilisifu wote, nalo ni usafi. Mafundi wa Hamduni walivaa kanzu nyeupe pe. Waliingia nyuma ya pazia weupe, wakatoka weupe, na mji mzima ukasema: huo ndio ustadi.

Aliyeutazama weupe ule kwa jicho jingine alikuwa Mishi binti Tondoo. Mishi hakuwa na kitu. Alikuwa na kibanda kwenye kiwanja kidogo karibu na soko, na kuku mmoja mweupe aliyemwita Pamba, na gofu la gari aliloachiwa na babu yake. Injini ya gari lile ilikwisha kuuzwa na ami zake kabla matanga hayajaanuliwa, na mahali pake Pamba alijitengenezea kiota. Jioni Mishi huketi nyuma ya usukani, akapiga honi kwa mdomo, akawapungia wapita njia mkono kama kadhi. Basi watu wakamwita punguani, naye akawaitikia kwa honi.

Mishi alikuwa na shangazi, Bi Mwanapili, mkunga aliyetegemewa na mji na mashamba yake yote. Wanawake walichangishana kwa miaka, wakamnunulia gari ili awafikie wenye uchungu walio mbali. Sasa mwezi mmoja uliandama Bi Mwanapili yuko shamba anazalisha pacha, akachelewa sevisi kwa siku moja. Hamduni akasema dhamana imekufa, akalifungia gari nyuma ya pazia mpaka ilipwe gharama ya kuifufua. Ikawa wajawazito wanabebwa juu ya vitanda njiani, na dada yake Mishi, Rehani, yuko Mkwajuni mimba imemwelemea, na kutoka mjini hadi Mkwajuni kwa miguu ni alfajiri mpaka jua la utosi. Na mtoto wake wa kwanza alikuja kwa shida, kila mtu alikumbuka.

Mishi akaenda kwa shangazi yake, akamkuta amekaa kizingitini na mkoba wake wa kazi mapajani. Akamwuliza, "Shangazi, miezi yote hiyo uliyopeleka gari, uliwahi kuona oili ikitoka?"

Bi Mwanapili akafikiri. "Niliona kahawa ikiingia, mwanangu. Oili ikitoka, hapana."

Mishi akamwambia atulie, gari lake litarudi. Akaenda akaazima punda wawili, akalifunga gofu lake, akalikokota polepole mpaka Nyumba ya Magari, na Pamba ndani ameatamia, mayai yamebakiza siku chache. Njiani hakuna aliyeshangaa, maana magari mengi yalifika pale kwa kukokotwa, hasa yale yaliyokuwa yametoka sevisi.

Hamduni alicheka alipomwona. Alipoambiwa kwamba bibi huyu ataka sevisi kamili, isipungue kitu, na kwamba anaweka rehani kiwanja cha kibanda chake, kicheko kikakoma. Kiwanja kile alikuwa akikitamani siku nyingi. Akaamuru mito iletwe, na ile mikubwa.

Basi gofu likasukumwa nyuma ya pazia, na Mishi akaletewa kahawa. Hakuinywa. Aliiweka mbele yake akaitazama ikipoa, huku ametega sikio. Hakusikia nyundo wala spana. Alisikia kete za bao zikigonga mbao, na mtu akimlaumu mwenzake kwamba ameiba zamu. Baada ya kitambo pazia likafunguliwa, mafundi wakatoka na kanzu zao nyeupe, gari likatoka na lakiri mpya juu ya boneti, ingali moto. Karani akasafisha koo, akaimba yote, kuangalia na kuangalia tena. Ndipo Mishi alipouliza lile swali la oili chafu, na wale waungwana wakafanya kama nilivyowaeleza.

Hatimaye Hamduni alipata ulimi wake, akasema bibie alipe au kiwanja kiende. Mishi akajibu kwamba halipi ng'ombe wala unyoya, na waende kwa Sultani.

Sultani Badrani alikuwa mtu mwema kwa tabia na mvivu kwa mazoea, tena gari lake mwenyewe lilifanyiwa sevisi kwa Hamduni. Hamduni akainama, akasema, "Maulana, lakiri ile ni mhuri wako. Anayesema kazi haikufanywa, anasema mhuri wako umesema uongo."

Angalieni hila hiyo. Ameulizwa habari ya oili, naye amejificha nyuma ya heshima ya mfalme. Na ikafaa, kwani Sultani alikunja uso, akasema, "Ewe binti, thibitisha kwamba oili haikubadilishwa. Lakini lakiri yangu haitavunjwa, boneti haitafunguliwa, wala mkono wa mtu hautaingia ndani ya gari hilo. Ukishindwa, kiwanja ni cha Hamduni, nawe utaifagia Nyumba yake maisha yako yote."

"Na nikiweza, Maulana?"

"Ukiweza, omba utakalo."

Baraza likanong'ona, kwa kuwa ilikuwa sawa na kumwambia mtu aeleze kilichomo tumboni na tumbo limefungwa. Mishi hakunong'ona. Aliomba gari likae katika ua wa kasri mbele ya walinzi, naye apewe muda, mpaka aliyemo ndani atakapokuwa tayari kutoa ushahidi.

Waliposikia "aliyemo ndani" baraza zima lilicheka, na Hamduni alicheka kuliko wote. Sultani, akidhani ni punguani tu, akaridhia.

Basi ikawa kila asubuhi Mishi huja uani, akaweka sikio juu ya boneti, akasikiliza, akasema, "Bado," akaenda zake. Walinzi wakaanza kumngoja kwa hamu. Mmoja alimwuliza shahidi anasema nini, naye akajibu kwamba shahidi amekalia ushahidi. Lakini moyoni hakuwa na raha, maana kila jioni alimwuliza shangazi yake habari za Mkwajuni, na kila jioni habari zilikuwa karibu zaidi.

Asubuhi moja mjumbe alifika akihema: Rehani ameanza kusikia maumivu ya kiuno. Mishi akakimbia hadi uani, akaweka sikio, na safari hii akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Akapita mbio mpaka sebuleni, Sultani ana mkate wa mofa mkononi, akasema, "Maulana, shahidi yuko tayari, na tafadhali tusichelewe."

Wakakusanyika wote, Hamduni na karani na mafundi weupe. Mishi akasimama kando ya gari.

"Tajiri, oili mliibadilisha?"

"Tuliibadilisha."

"Mikono yenu ikaingia humu?"

"Mpaka kiwiko."

"Mkakaza mikanda, mkaangalia?"

"Tukaangalia."

"Na mkaangalia tena," akaongeza Sultani, ambaye alikuwa ameanza kuburudika.

Mishi akafungua fundo la kanga yake, akatoa mtama, akaumwaga chini mbele ya magurudumu, akaita, "Kuu, kuu, kuu."

Pakasikika mkwaruzo ndani ya gari, kisha kishindo kidogo. Halafu akatokea Pamba kupitia uwazi wa chini, kutoka ndani ya boneti ile iliyofungwa kwa lakiri isiyoguswa, mweupe kama siku aliyoingia, na nyuma yake vifaranga wakidondoka mmoja mmoja kama maembe mabichi, wakijipangusa, wakimfuata mama yao kwenye mtama.

Sultani akasimama. "Hamduni, huyu ni nani?"

"Maulana," akasema Mishi, "huyu ndiye injini. Amebadilishiwa oili, ameoshwa plagi, amekazwa mikanda, na hana doa. Ama mafundi hawa ni hodari kupita viumbe wote, ama mikono yao haikufika."

Hamduni akatoa jasho. Akasema yamkini kuku aliingia baadaye.

"Na injini akaila?" akauliza Sultani.

Hapo hapakuwa na mtu aliyejizuia. Sultani alicheka mpaka kilemba kikaanguka, na kifaranga mmoja akaingia ndani yake akakaa. Walinzi waliegemea mikuki, kadhi akashikwa na kwikwi, na karani, maskini, alicheka mwenyewe mpaka akakumbuka yeye ni nani.

Kisha Sultani akaacha kucheka ghafla. Akasema, "Na langu?"

Gari la Sultani likaletwa. Akaivunja lakiri yake kwa jambia lake mwenyewe, na nati ya chini ikafunguliwa. Oili haikumwagika. Ilichungulia, ikaning'inia, nyeusi na nzito, ikakatika kipande. Sultani akaigusa kwa kidole, akasema polepole kwamba sasa ameijua halua ya Nyumba ya Magari inakopikwa.

Akamgeukia Mishi, akamwambia aombe, hata kama ni jumba. Mishi akasema anataka gari la shangazi yake, tena saa ile ile. Na baada ya hilo anataka lile pazia jekundu. Sultani akamwuliza pazia la nini. Akajibu, "Limefunika mengi, Maulana. Nataka lifunike kitu kizuri."

Basi gari la Bi Mwanapili likaletwa uani, na lile pazia juu yake, na kwa amri ya Sultani mafundi wakalala chini yake na kanzu zao nyeupe, wakamwaga oili chafu mbele ya watu wote, wakatia mpya. Walipoinuka, mama zao wasingewajua. Bi Mwanapili akapanda na mkoba wake, Mishi akapanda kando yake, akapiga honi kwa mdomo kwa mazoea, na vumbi likafunga njia ya Mkwajuni. Jua halijafika utosini, Rehani alikwisha kujifungua mtoto wa kike, naye alivingirishwa katika kipande cha bahameli nyekundu, analia kwa sauti iliyosikika mpaka shamba la jirani.

Hamduni aliamriwa kurudishia kila nyumba alichokula kwake. Na tangu siku ile katika Kirindo pazia halikutundikwa tena, na fundi aliyefika jioni na kanzu safi hakupewa ujira. Madobi wa mji walifurahi sana.

Nami nina ombi moja kwako uliyesikiliza. Safari ijayo ukipeleka gari sevisi, wakikuletea kahawa, iache ipoe. Nenda ukasimame karibu na gari lako, uwaombe wakuonyeshe oili iliyotoka.