Mbwa Aliyeuguzwa kwa Pilau

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakialikana karamu na kusengenyana, jumbe wa mji wao alikuwa Kiboko. Mali alikuwa nayo, mtoto hakujaliwa. Alikuwa na mbwa wake, Shababi, na kwa mbwa yule alikuwa haoni hasikii.

Siku moja Shababi akapiga chafya. Chya! Moja tu. Mji mzima ukaja kumjulia hali, nanyi mnajua hakuna aendaye kwa mgonjwa mikono mitupu, sembuse mgonjwa wa jumbe. Nyati akaleta pilau. Ngiri akaleta supu ya kongoro. Hata Fisi, ambaye hajawahi kumgawia mtu ufupa, alileta paja la mbuzi, akangoja mpaka jumbe amwone.

Mbwa akala. Akanenepa hata akashindwa kuamka, watu wakasema ugonjwa umezidi, wakaongeza vyungu. Mwisho akawa anahema akiwa amelala, hee, hee, hee, na jumbe kando yake machozi yanamtoka.

Nguchiro, jirani mdogo kuliko wote, alikuwa akikimbizana na Shababi majanini kila asubuhi. Alipomwona rafiki yake hawezi hata kuinua mkia, roho ilimuuma. Akamwambia jumbe mbwa apunguziwe chakula, atembezwe. Jumbe akamfukuza. Mgonjwa wa kwake alale njaa, watu waseme nini?

Nguchiro akaenda zake. Akarudi kajipaka majivu uso mzima, kavaa shanga za kuazima kama mganga, sauti kaifanya nzito. Na anayelia haangalii sana.

"Mgonjwa huyu hana adabu," akasema. "Watu wote wamekuja kumwona. Yeye kamwendea nani?"

"Ataendaje, mganga, naye hajiwezi?"

"Ndicho kinachomuua. Fadhila za watu zimemlemea kifuani. Kila aliyekuja, naye amwendee kwake, kwa miguu, kila kukicha. Kamba uishike wewe mwenyewe, maana ndiwe mwenye nyumba. Na jioni ale kidogo tu."

Jumbe akaguna. Lakini kwa wakubwa, kuitwa hana adabu ni kubaya kuliko kufa, basi akakubali.

Nguchiro hakuishia hapo. Akapita nyumba hadi nyumba akinong'ona kwamba atakayemlisha mbwa yule, ugonjwa utamhamia yeye.

Basi jumbe na mbwa wakatoka. Kwa Nyati walikuta jiko limefungwa, eti mke kaenda matangani. Kwa Ngiri walipewa maji. Fisi alipowaona kwa mbali alimeza nyama yote, na mfupa, gubu! Kisha akasimama mlangoni akijipangusa, akasema kwake leo hawakuwasha moto.

Ikawa hivyo kila siku. Kwanza Shababi alijikokota, kisha akatembea, mwisho akawa yeye ndiye anayemvuta jumbe.

Jumbe akamwita mganga amshukuru mbele ya watu. Mganga kuingia tu, Shababi akamrukia, akamlamba uso, majivu yote yakatoka.

"Kumbe ni wewe," jumbe akanguruma. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya, Jumbe. Ukweli nilikuletea kwanza, ukanifukuza."

Jumbe akawageukia wageni wake. "Na ninyi mliokuwa mkimpenda hivi, mbona tulipokuja kwenu hamkumpa hata tonge?"

Nyati akatazama dari. Ngiri akakohoa. Fisi akasema walikuwa wakimwonea huruma.

Jumbe aliona aibu, na alistahili kuiona, kwa kuwa wao walileta vyungu lakini aliyekuwa akiupeleka mkono mdomoni mwa mbwa ni yeye. Shababi hakuwa na habari na mambo hayo. Aliifuata kamba ilipotundikwa, akaiangusha miguuni pa bwana wake, akabweka. Jumbe akainama, akaiokota, wakatoka.

Basi, watoto wangu, ampendaye mbwa wake humshikia kamba kabla ya kumshikia sufuria.