Nadhiri ya Bibi Nakijwa

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nitawapa yote isipokuwa mwisho wake, maana mwisho mnao ninyi.

Huko kwenye milima ya Upare, mahali ambapo ukungu huweza kushuka mchana kweupe ukameza nyumba na mashamba, aliishi mjane aitwaye Bibi Nakijwa. Alilima tangawizi na ndizi. Alijaliwa watoto wanne, na mmoja wao, binti, alifariki akamwachia mjukuu wa kike, jina lake Nanzia. Watatu waliobaki walizaliwa na baba mmoja na kunyonya ziwa moja, lakini kila mmoja alilelewa mahali pake na akawa na dini yake.

Hemedi, mkubwa, alikulia tambarare kwa mjomba wake mfanyabiashara, akasoma madrasa, akarudi kuwa muadhini wa msikiti wa kijiji. Kipawa chake kilikuwa sauti. Akiadhini alfajiri, wa mlima wa pili huamka. Na kama walivyo wenye sauti ya kweli, alikuwa na sikio pia: alijua kuita, alijua na kunyamaza ili asikie.

Sekiete, wa katikati, hakwenda popote. Alibaki na babu yake, akarithi ulinzi wa msitu wa ukoo, mahali pa matambiko, ambapo asiye mlinzi haruhusiwi kuingia wala kuvunja kijiti. Kipawa chake kilikuwa kuujua msitu. Kila jabali, kila korongo, kila mzizi unaobeba mtu na ule unaomsaliti, vyote alivijua kama unavyojua vyombo vya jikoni kwako.

Eliwaza, binti na mdogo wao, alisoma shule ya misheni, akawa muuguzi wa zahanati na mzee wa kanisa. Kipawa chake kilikuwa mikono. Wagonjwa walisema mikono ya Eliwaza ikikugusa, maumivu huuliza njia ya kutokea.

Na mama yao je? Siku ya Idi alikula pilau kwa Hemedi. Krismasi alikaa benchi la mbele kumsikiliza Eliwaza akiimba. Siku ya tambiko alipeleka unga na pombe ya miwa kwa Sekiete. Majirani walimwita popo, si ndege wala si mnyama. Neno lile lilimchoma, kwa sababu alijijua. Kote huko alikuwa mgeni. Walipoinama aliinama, waliposimama alisimama, na akirudi nyumbani hakuwa na neno lake mwenyewe la kumwambia Mungu.

Watoto nao hawakumwacha apumue. Hemedi alimwambia, "Mama, umri umekwenda. Usiingie kaburini bila shahada." Eliwaza akamwambia, "Mama, ubatizo ni maji kidogo tu, unaogopa nini?" Sekiete alikuwa haombi, alikuwa anadai: "Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yetu uliyebaki. Ukiwaacha wazee waliotangulia, nani atawakumbuka?" Mwishowe ndugu wale wakawa hawaketi tena kwenye sinia moja. Huyu hali nyama iliyochinjwa na yule, yule hasogei penye pombe ya huyu. Bibi Nakijwa akawa anapika vyungu vitatu, na anakula peke yake.

Basi siku moja, alasiri ya masika, Nanzia alikwenda kuokota kuni na wenzake. Ukungu ukashuka. Wenzake walirudi, yeye hakurudi.

Kijiji kizima kikakusanyika uwanjani kwa Bibi Nakijwa. Watoto wake watatu nao wakaja mbio. Na unajua walianza na nini? Hemedi alisema wapige dua kwanza. Eliwaza akasema tayari ameshaanza sala, wamwitikie. Sekiete akasema mtoto akipotea karibu na msitu wa ukoo, wa kuombwa ni wazee wa ukoo waliotangulia, hakuna mwingine. Maneno yakapanda. Mtoto yuko nje kwenye baridi, na wajomba na mama mdogo wanagombea zamu ya kusema amina.

Bibi Nakijwa akasimama. Hakupaza sauti.

"Nisikilizeni, na majirani muwe mashahidi," alisema. "Yeyote atakayenirudishia Nanzia akiwa hai, dini yake itakuwa dini yangu mpaka mtakaponifukia. Haya, nendeni."

Wakatazamana, wakaondoka. Na mama yao, pamoja na miaka yake yote, akachukua fimbo akawafuata hadi ukingo wa mlima.

Pale ukingoni ukungu ulikuwa mzito hata ukinyoosha mkono huvioni vidole. Hemedi akaweka viganja masikioni akaadhini, ingawa haukuwa wakati wa sala. Alijua kwamba Nanzia alizaliwa akiisikia sauti ile, na mtoto aliyepotea hufuata anachokijua. Akaita, akanyamaza, akasikiliza. Akaita tena. Aliita mpaka koo likachanika na mate yakatoka na damu, na kila mara alinyamaza kusikiliza. Mwishowe akainua mkono. "Yuko," alisema, na sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. "Anajibu. Lakini sauti inatoka kila upande, sijui ni wapi." Tangu siku ile Hemedi hakuadhini kwa muda mrefu, na watu wa mlima wa pili walichelewa kuamka.

Sekiete alikuwa amelala kifudifudi, sikio likiwa ukingoni. "Mwangwi wa namna hiyo unatoka mahali pamoja tu," alisema. "Yuko ndani ya korongo, penye mawe ya tambiko." Pale hapakuwa na ruhusa kwa mtu mwingine kukanyaga. Alifunga kamba aliyokuja nayo kwenye mti mtakatifu, mti ambao hata yeye hakuwahi kuugusa bila kuomba, akamgeukia dada yake. "Akiwa ameumia, mimi sitajua la kumfanyia. Utanifuata." Kwa neno hilo alijua wazee wa ukoo walio hai watamnyang'anya ulinzi. Na kweli walimnyang'anya. Lakini njia ya kushukia ni ukingo mwembamba wa jiwe, nao ukungu ulikuwa umeufunika. Kushuka bila kuona ni kufa. Wakakaa wakisubiri, na muda unakwenda, na sauti ya mtoto chini ikapungua, kisha ikakatika.

Hapo Bibi Nakijwa akajitenga nao. Akaketi juu ya jiwe, akafungua kinywa kuomba, akakwama. Alijua dua za Hemedi vipande vipande. Alijua sala ya Eliwaza mpaka katikati. Maneno ya tambiko aliyajua, lakini yalikuwa maneno ya mume wake na baba wa mume wake. Akayaacha yote.

"Wewe," alisema kwa lugha ya mama yake. "Sijui nikuite nani, maana nikikuita kwa jina moja, watoto wangu wawili watanuna. Mtoto huyu unamjua. Mapenzi niliyo nayo juu yake sikuyatia mimi. Tutazame."

Akanyamaza. Na katika kunyamaza kule akajua kwamba hayuko peke yake, kama unavyojua katika chumba chenye giza kwamba kuna mtu, ingawa hajasema kitu. Katika miaka yake yote, hakuwahi kujua hivyo. Hofu ikamtoka, akapumua.

Upepo ukapita. Ukungu ukapasuka, ukingo wa jiwe ukaonekana wote mpaka chini.

Sekiete akashuka, Eliwaza nyuma yake. Eliwaza tangu utotoni alikuwa haogopi kitu isipokuwa kimo. Hata ngazi ya dari alikuwa hapandi. Alishuka amefumba macho, kamba ikimchuna viganja, akiimba wimbo wa kanisa kwa meno yaliyoumana. Walimkuta Nanzia amelala kwenye tope, mguu umevunjika, damu inamtoka pajani, baridi kama samaki. Alimwona Sekiete aliyetangulia, macho yakafumba, pumzi ikakatika. Eliwaza alichana gauni lake akafunga paja, akampulizia pumzi yake kinywani, tena na tena, mpaka mtoto akakohoa. Kisha akamfungulia kifua chake akamkumbatia ngozi kwa ngozi, na hivyo hivyo kaka zake wakawavuta juu kwa kamba.

Nanzia akapona. Mvua za vuli zilipoanza alikuwa anatembea bila mkongojo.

Basi ndugu watatu wakaja kwa mama yao, na majirani mashahidi nyuma yao. Tangu siku ile walikuwa wameanza kula pamoja, lakini nadhiri ni nadhiri.

"Mama," alianza Hemedi kwa sauti yake iliyokwaruza, "kama nisingemsikia, wangemtafuta wapi? Mlima ni mkubwa. Aliitika adhana. Mwenyezi Mungu aliitwa, na mtoto akajibu."

"Ulimsikia, kaka," alisema Sekiete, "na ungekaa ukimsikia mpaka anyamaze. Mawe ya wazee ndiyo yaliyomdaka asifike mtoni, chini kabisa ya korongo. Kamba ilishikwa na mti wao. Mimi nimepoteza ulinzi kwa ajili yake, nao wazee waliotangulia wakaniruhusu nirudi mzima."

Eliwaza alisema polepole, "Ninyi mlinipa maiti, kaka zangu. Sisemi kwa majivuno. Pumzi iliyomwamsha ilitoka kifuani mwangu, na kifuani mwangu hakuna nguvu isipokuwa ya Yesu."

"Na ukungu?" jirani mmoja akauliza. "Ukungu aliupasua nani?"

Wote watatu wakajibu kwa pamoja, kila mmoja kwa jina la anayemwomba.

Bibi Nakijwa akamwita mjukuu wake. "Nanzia, nani alikuokoa?"

Mtoto akafikiri. "Nilimsikia mjomba Hemedi, nikaacha kulia. Nikamwona mjomba Sekiete, halafu giza. Nikaamka kwa mama mdogo."

"Sasa nisikilizeni," alisema Bibi Nakijwa. "Niliapa mbele za watu, na sijawahi kuvunja kiapo changu. Lakini pale ukingoni nilisema neno langu mwenyewe, nikasikilizwa. Tangu siku ile kila asubuhi nakwenda pale, nasema, nanyamaza, narudi shambani nikiwa mtu kamili. Sijivuni kwamba ukungu niliupasua mimi. Ila najua nilipo. Mimi si popo tena. Mkinipeleka kwenu, nitakwenda kwa heshima, lakini mjue mnamchukua mtu aliyekwisha fika."

Watu uwanjani wakageukiana. Kisha maneno yakaanza. Wengine walisema mwenye sauti ndiye aliyeanza, na pasipo mwanzo hakuna kitu. Wengine walisema aliyepoteza zaidi ndiye astahiliye zaidi, apewe Sekiete mama yake. Wengine walisema nadhiri ilitaja mtoto aliye hai, na uhai ulirudishwa na Eliwaza. Bibi mmoja wa nyuma akasema, "Nadhiri ilisema yeyote atakayemrudisha. Je, kama aliyemrudisha ni mama mwenyewe?" Wakamcheka, kisha wakaacha kucheka.

Watoto wake wakampa mpaka kesho asubuhi. Yeye akaingia ndani kusonga ugali, na akasonga chungu kimoja.

Nami nawaachia hapo. Akimfuata mmoja, wawili watasema damu yao na hofu yao hazikuwa na thamani. Akimfuata kila mmoja kidogo, atarudi kuwa mgeni kote. Akibaki na njia yake, je, amevunja nadhiri au ndiyo kwanza ameitimiza? Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe uliyekunja uso: kesho kukicha unaitwa uwanjani kwa Bibi Nakijwa. Je, ungeamua vipi?