Yungiyungi la Mwanakheri

Sogeeni, wenzangu, ngano hii ina maji ndani yake.

Palikuwa na mjane, Mwanakheri, mwenye bwawa dogo uani. Bwawani mlizama chungu cha yungiyungi alilopanda marehemu mumewe. Kila asubuhi ua likichanua, sauti ya mume ilitoka ndani yake: "Mwanakheri, umeamkaje?"

Jirani, Bi Zuhura, akaja. "Shoga, nimegee mzizi." Akamnyima. Akaja tena, akamnyima. Mara ya tatu akajibiwa, "Mume hagawanywi."

Mizizi ikajaa chungu, ikasongana. Sauti ikafifia, ikawa mnong'ono, ikawa kimya. Mwanakheri akashinda ukingoni, akilisubiri jina lake.

Mwishowe akakivunja chungu, akaikata mizizi huku analia. Kipande kikongwe, kilichoshikwa na mkono wa mumewe, akakipanda tena. Vipande vichanga vyenye ncha za kuchipua akawagawia majirani.

Kile kipande kikongwe kikaoza.

Lakini asubuhi moja, ng'ambo ya ukuta wa Bi Zuhura, akasikia: "Mwanakheri, umeamkaje?"

Tangu hapo, wenzangu, kila kukicha hubisha hodi nyumba hadi nyumba. Akikaribishwa hupita moja kwa moja uani, akainama majini.

"Salama, mume wangu. Ila peke yangu."